Opsheni za Porsche ya umeme kwenye baridi la Norway: zipi zinalipa, zipi ni mapambo tu

Kila nikiongea na washikaji wa Tanga maswali ni yale yale mawili. La kwanza, gari ya umeme kwenye barafu inafika kweli au mnasukuma? La pili wanalizungukazunguka kidogo kwa adabu, ila maana yake ni we fundi umeme, Porsche umeipataje. La pili nalijibu haraka haraka kwa sababu halina siri. Norway gari ya petroli inapigwa kodi ya usajili mpaka unasikia kizunguzungu, ya umeme ilisamehewa, na mpaka mwisho wa 2022 hata VAT haikuwepo. Sisi tuliagiza 2021. Januari 2023 serikali ikaanza kudai VAT ya asilimia 25 kwa kiasi kinachozidi kroner 500,000, na gari za kifahari ndo zikaguswa hapo. Kwa hiyo huku kumkuta nesi na fundi umeme wana gari ambayo Ulaya ya kusini anaendesha daktari wa meno sio ajabu, mkopo upo, tunalipa wote wawili, basi.

Ila hapa nataka kuongelea opsheni. Gari yetu ni Taycan 4 Cross Turismo, ile yenye mgongo mrefu, na sasa tumekaa nayo vya kutosha kujua hela ipi inafanya kazi na ipi imekaa tu. Kwa wasiojua, gari za namna hii hununui gari, unanunua gari tupu alafu unaanza kuongeza kimoja kimoja kwenye tovuti yao, rimu, taa, siti, rangi ya mshono, rangi ya mkanda, hata nembo ya nyuma unaweza kulipia iwe nyeusi. Usipoangalia unamaliza jioni nzima na bei imepanda kama nusu ya gari nyingine. Na ukitazama kipimo cha WLTP, kile rasmi cha Ulaya cha gari inafika wapi kwa chaji moja, kwa gari hii hii wanaandika kilomita 389 mpaka 456. Tofauti hiyo karibu kilomita sabini sio betri, betri ni ile ile ya kilowati-saa 93.4 ambazo unatumia 83.7, tofauti ni makorokoro uliyochagua, rimu kubwa, matairi mapana, uzito. Yaani kuna opsheni unalipia ili gari ifike karibu zaidi.

Ndo maana rimu tulibishana nyumbani. Mke wangu alizitaka za inchi 21, na kwenye picha kwa kweli zinaua. Mimi nikang'ang'ania 19. Sababu yangu haikuwa umbali peke yake, huku kila mwaka unabadilisha matairi mara mbili, ya kiangazi na ya baridi, na yale yasiyotumika unayalaza kwenye kitu wanaita hoteli ya matairi, usicheke, ni stoo kabisa, yana namba na rafu yake na unalipia malazi. Sasa tairi ya baridi ya inchi 21 ya Porsche bei yake ukiambiwa utaomba kiti. Alafu barabara zetu mwezi wa tatu barafu ikiyeyuka zinakuwa na mashimo, na tairi yenye ukuta mwembamba ikiingia shimoni rimu ndo inapokea. Na 19 ina nyama, inapokea yenyewe. Mama watoto sasa hivi haongelei tena rimu, ila kwenye harusi za wabongo Oslo bado namwona anaangalia za wenzetu.

Pampu ya joto. Hii kama unaishi nchi ya baridi na gari yako inaiuza kama opsheni, usiulize mara mbili. Gari ya petroli injini inatupa joto bure, linalokuja ndani ni makombo yake. Gari ya umeme haina makombo, joto lote la ndani linatoka kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu, na hita ya kawaida inakula kilowati kadhaa bila aibu. Pampu ya joto inafanya kazi ya friji kinyumenyume, inachota joto la nje hata kama we unaona hakuna joto, inalisukuma ndani, kwa hiyo kwa umeme mmoja unapata joto zaidi ya moja. Kwenye nyuzi sifuri au hasi tano hapo inang'aa kabisa. Ikishuka hasi ishirini inachoka, joto la kuchota nje limekuwa dogo, hita ndo inabeba mzigo. Kwa hiyo anayekuambia pampu ya joto inamaliza tatizo la baridi anakudanganya, inapunguza. Lakini Oslo na pembezoni siku nyingi za baridi ni hizo za karibu na sifuri, hasi ishirini inakuja kama mgeni tu.

Pa kuijua ni milimani. Kuna barabara ya Rv7 inayopanda Hardangervidda kwenda upande wa Bergen, uwanda wa juu usio na mti hata mmoja, upepo ukianza theluji inapita mlalo na huoni boneti yako. Hawafungi barabara mara moja, wanashusha kizuizi, magari yanapangwa foleni alafu gari la kuondoa theluji linatangulia na nyie mnafuata mkia kwa mkia, wanaita kolonnekjøring. Tulikaa pale Haugastøl kizuizini na watoto nyuma, giza, gari inatikisika kwa upepo, mbele yetu dizeli inanguruma na moshi wake unakatika papo hapo. Yetu kimya. Nikapunguza feni ikabaki kidogo tu, siti zote nne joto, usukani joto, na namba ya betri ilikuwa inashuka taratibu sana mpaka yule mtoto mkubwa akachoka kuiangalia akalala. Siti ya joto inakula umeme kidogo mno ukilinganisha na kupasha hewa yote ya ndani, na inagusa mwili moja kwa moja. Joto la siti za nyuma tulililipia pembeni na lile la usukani pia, na hizo hela mbili sijawahi kuzikumbuka kwa uchungu. Usukani hasa, asubuhi ya hasi kumi na tano mikono ya mtu wa pwani inakuwa sio yake.

Taa za matrix nazo naziweka fungu hilo hilo. Desemba Oslo jua linachomoza kwenye saa tatu asubuhi na kabla saa tisa unusu mchana limeshazama, kwa hiyo unaenda kazini gizani unarudi gizani. Taa hizi unaacha fulu muda wote, zenyewe zinakata kipande kinachompiga dereva wa mbele tu na kwingine kunabaki kweupe. Na kwingine ndo kunakotakiwa, maana msituni kuna elg, mnyama mrefu kama farasi mwenye mapembe, miguu yake mirefu kiasi kwamba ukimgonga mwili unakuja kwenye kioo. Ukimwona sekunde mbili mapema ni maisha hayo.

Sasa twende kwenye nilichokiruka makusudi na wenzangu wanashangaa maana mimi ni fundi umeme. Chaja ya ndani ya kilowati 22. Gari inakuja na ya 11, ukiongeza hela wanakuwekea ya 22, na mauzo watakuambia utachaji nyumbani mara mbili haraka. Nyumbani kwa nani? Norway nyumba nyingi, hasa za zamani kama yetu ya miaka ya 70 huku Lørenskog, ziko kwenye mfumo wa nyaya za umeme unaoitwa IT, hauna waya wa nyutro kabisa, fezi kwa fezi unapata volti 230 tu. Ile 22 inataka fezi tatu zenye volti 400 na ampea 32 kila moja. Hapa kwangu nachaji ampea 32 kwa volti 230, piga hesabu, kilowati saba na kitu, na hapo ndo mwisho hata uweke chaja ya dhahabu. Cha kuchekesha nyumba ya mzee Tanga yenye fezi tatu za TANESCO ina volti 400 na nyutro yake safi, kwa mfumo ile ingekubali. Nilimwambia mzee kwenye simu, akanijibu kwanza umeme uwepo.

Na hata hiyo saba siitumii yote. Tangu Julai 2022 bili ya waya, yaani ya kukufikishia umeme, huku ina sehemu inayoangalia ulivuta kiasi gani kwa mpigo, wanachukua masaa matatu uliyovuta sana ndani ya mwezi, kila saa na siku yake, wanatafuta wastani na wastani ndo unakupandisha ngazi ya malipo. Ukichaji kwa nguvu huku mke anapika, mashine ya nguo inazunguka na boila ya maji imewaka, umeshapanda ngazi mwezi mzima kwa ajili ya ubwabwa wa siku moja. Kwa hiyo chaja yangu nimeibana, inaanza usiku wa manane, inaenda polepole mpaka alfajiri, alafu saa moja kabla ya kutoka gari inajipasha yenyewe ikiwa bado kwenye waya. Unakuta theluji imeteleza kwenye kioo. Jirani yangu anakwangua, mimi namsalimia.

Safari ndefu ndo kasi ya chaja inahusika, ila hiyo ni DC, ya vituo vya kuchaji haraka barabarani, haiko kwenye opsheni hiyo. Gari hii ni ya volti 800 na inapokea mpaka kilowati 270 chaja ikiwa na uwezo. Sharti lake betri iwe ya moto, na ili iwe ya moto lazima ile chaja uiweke kama kituo kwenye ramani ya gari yenyewe, ndo inaanza kupasha betri njiani. Wabongo wengi huku wanatumia ramani ya simu, wanafika na betri ya barafu, wanakaa muda mrefu wanalaumu gari. Weka kwenye ramani ya gari.

Magurudumu ya nyuma yanayokata kona, hii nilidhani ni ya watu wa mbio za magari. Kumbe ni ya maegesho. Gari ni ndefu karibu mita tano, na maegesho ya chini ya ardhi Oslo yalijengwa wakati watu wanaendesha vigari vidogo, nguzo kila mahali. Mwendo mdogo nyuma inakata upande wa pili na gari inaingia kama imekunjwa. Mke wangu anasema ndo opsheni pekee anayoisikia kila siku.

Sauti ya bandia sasa, ile ya kufanya gari ivume kama chombo cha anga. Kuna wanaoipenda. Mimi gari ya umeme nimeinunua kwa ukimya, taarab inasikika mpaka kidole kinavyoteleza kwenye ala ya kanuni, kwa nini nilipie kelele? Paa la kioo la kwetu lipo, watoto ndo waliolipigia kura, na siku ya theluji kubwa wanalala chali wanaangalia ikidondoka. Sina la kulisema baya. Ila mnunuzi wa gari iliyotumika hatakurudishia hiyo hela. Nimekuwa naangalia matangazo Finn, sehemu wanapouziana kila kitu huku, na bei za gari za umeme za kifahari zimeshuka sana, na opsheni zinashuka kuliko gari lenyewe. Ngozi ya rangi maalum, mshono mwekundu, nembo nyeusi, vyote vinaandikwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa na bei ni ile ile ya jirani asiyekuwa navyo. Anayepiga simu anauliza pampu ya joto ipo, betri ni kubwa, matairi ya baridi yamo.

Na anauliza siti ngapi! Hii wengi hawajui, Taycan inakuja na siti nne. Nyuma katikati wanaweka kijisahani cha kuwekea vitu. Siti ya tano ni opsheni, wala sio ghali ukilinganisha na upuuzi mwingine, na Mnorway wa kawaida anairuka maana ana watoto wawili na mbwa. Sisi tulianza na hiyo kabla hata ya rangi. Ni nyembamba, mtu mzima hafiki nayo mbali, lakini mama akija kutoka Tanga anakaa mbele na mablanketi yake, wajukuu wawili nyuma, na katikati yao daima kuna mtu, mtoto wa shangazi anayesoma Ås, mji wa karibu na Oslo, au mgeni wa mgeni mliyemkuta msikitini na hana usafiri. Utamwambia mtu mweusi mwenzako kwenye kituo cha basi Januari kwamba gari ina nafasi nne kisheria?

Mama mwenyewe swali lake lilikuwa moja tu, nitaileta lini nyumbani. Nikamwambia mama usukani uko kushoto. Akasema si wataugeuza.

Toleo jipya la 2024 pampu ya joto wameiweka moja kwa moja, huchagui tena, na betri kubwa imefika kilowati-saa 105. Mke wangu ameshaanza kufungua ile tovuti usiku akidhani nimelala. Juzi nimechungulia, ameshafika kwenye rangi na rimu za 21. Siti ya tano bado hajaiweka tiki.