Siku moja maishani mwangu: fundi ngozi wa Mtwara na kamera inayoteleza

Saa 11:30 alfajiri. Nakaa Magomeni, na kibanda changu cha kazi kiko jirani na Soko Kuu. Wenyewe tunasema "Mtwara kuchele", na kweli kukicha hunikuta nimeshamaliza chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, begi liko begani. Cherehani na makopo ya gundi hulala kibandani. Msharasi, mkasi na kisu cha kukatia ngozi hulala nyumbani kwangu, maana kisu kizuri kikiazimwa hakirudi vilevile.

Saa 1 asubuhi. Mwezi wa Machi siku haianzi kwa kushona, inaanza kwa kukagua ngozi. Mvua zinanyesha, bahari iko pale chini, hewa yenyewe imelowa. Kipande nilichokikunja juzi kimeshaota kuvu: mabaka ya kijivu yenye manyoya mafupi, ukipitisha kidole unabaki na unga na harufu ya kabati lisilofunguliwa. Nafuta kwa kitambaa chenye siki kidogo, naanika kivulini. Kipande kimoja sikifuti. Nimekitundika msumarini makusudi, wateja wakione.

Saa 2. Viatu vya shule, viatu vya shule, mkanda wa dereva wa basi la Masasi uliochomoka bizimu. Hapa hakuna hadithi.

Saa 4. Anaingia binti wa rika la wanangu. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, kimekatika nini leo?" Hakikukatika kitu. Anafungua mkoba, anatoa soksi, ndani ya soksi kuna kamera.

Kazi yake ni kuongoza wageni. Anawapeleka Mikindani kuona Boma la Wajerumani na nyumba za kale, anawapeleka Msimbati ufukweni, mara nyingine wanafika mpaka Kilwa Kisiwani kwenye magofu. Anawapiga picha, jioni anawatumia, na bahasha inanona. Kamera ni Sony RX100, ile ya kwanza kabisa iliyotoka mwaka 2012, kainunua mkononi mwa mtu Dar. Anataka kava ya ngozi. Ananionyesha picha kwenye simu: nusu kava ya rangi ya kahawia, imebana kamera chini na pembeni, imeshonwa kwa uzi mweupe. Nzuri, sikatai. Mkono wa fundi aliyeishona unaonekana.

Nikaomba niishike kamera yenyewe kwanza. Gramu 240 pamoja na betri na kadi, mwili wa alumini, uso wa mbele mtupu hauna hata nundu ya kukwamisha kidole. Ilikuwa kama kushika kipande cha sabuni iliyolowa, na mkono wangu una nta ya uzi kutwa nzima. Sasa mpe mtu mwenye jasho la saa saba mchana, kasimama kwenye mtumbwi.

"Mwanangu, una magonjwa mawili," nikamwambia. "Kamera inakuponyoka ukiwa unapiga, hilo moja. Ikiwa ndani ya mkoba inakula vumbi na mikwaruzo, hilo la pili. Hii nusu kava inagusagusa yote mawili na haiponyi hata moja." Kweli, ukitazama ile picha vizuri, juu kuko wazi na kioo cha nyuma kiko wazi. Vumbi la bodaboda halitapiga hodi.

Nikaipindua. Mlango wa betri na kadi uko chini, pamoja na tundu la skrubu ya stendi, ile ya robo inchi iliyo kwenye karibu kila kamera. Nusu kava hukazwa kwenye tundu hilohilo. Betri ikiisha Msimbati itabidi ufungue skrubu, uvue kava, ubadilishe, urudishe, na wageni wanakusubiri. Zipo kava zinazoachiwa kidirisha cha mlango, lakini kwenye kamera ndogo hivi ukishakata kidirisha, ngozi inayobaki chini ni utepe tu, na utepe wa ngozi unaovutwa kila siku hulegea.

Halafu nikamwonyesha kile kipande cha msumarini. Ngozi inakunywa jasho na chumvi ya bahari, kisha inalala usiku kucha imeubana mwili wa kamera. Kuvu ikipata unyevu na giza haiishii kwenye ngozi. Huota hata kwenye vioo vya lenzi, na lenzi ya kamera hii haivuliwi ukaifuta kwa ndani.

"Fundi, yaani unakataa hela?"

Hela sikatai. Nusu kava ningemtoza elfu arobaini na tano, ila nilichompendekezea ni kipande cha raba cha kubandika mbele ya kamera ili kidole kinase, na mfuko wa kuibebea, vyote elfu ishirini na tano. Ila binti huyu kila wiki yuko na wageni, na kava ikimharibikia atawaambia ni ya nani.

Saa 5. Akakubali gripu, yaani hicho kishikio cha raba cha kubandika, na mfuko laini mbali. Akanionyesha kwenye simu kwamba hata watengenezaji wameliona tatizo: Canon walitoa kamera yao ndogo, G7 X, mwaka 2014 ikiwa na uso mtupu, ilipofika Mark II, toleo la pili la 2016, wakaiwekea kishikio. Sony nao wanauza kipande chao cha kubandika, AG-R2. Ukiwa Mtwara hicho ni cha kuagiza na kusubiri, na yeye Jumamosi ana wageni.

Nikakata majaribio kwenye sponji ya kandambili iliyokufa: nyembamba, ya kati, nene. Kila moja nikaifunga kwenye kamera kwa rababendi, nikamwambia aipige picha mitaa, asinitazame mimi. Watu wakijua unawatazama hushika kamera kwa adabu. Nene aliipenda papo hapo, halafu kamera ikagoma kuingia mfuko wa suruali. Nyembamba kidole cha kati kilipita juu yake kama haipo. Nilichokuwa natafuta mimi ni mahali lenzi inapoishia mbele ikiwa imefungwa. Lenzi tayari inatokeza, kwa hiyo gripu isiyoipita kwa urefu haiongezi unene hata kidogo. Ya kati, basi.

Kulikuwa na mambo mawili zaidi. Kuizunguka lenzi kuna pete anayoizungusha kubadili mipangilio, nayo lazima ipite bila kugusa raba, nafasi ya ukucha itoshe. Na ile taa ndogo ya mbele isifunikwe.

Saa 7. Wali, mchuzi wa pweza. Mvua ya dakika kumi, jua, joto la kupikia.

Saa 8 mchana. Gripu nimeichonga kwenye raba nyeusi ya soli. Kipande kina urefu wa kidole gumba, kimesimama kwa kulala kidogo, maana vidole vya mkono wa kulia havishuki wima. Upande wa lenzi nimeuacha na ukingo mkali ili kidole kinase, upande wa nje nimeupiga msasa mpaka ukateremka na kuisha wenyewe. Hii ndiyo kazi ya leo iliyonipa raha. Raba ukiisugua kidogokidogo na kuijaribu kwa kidole, kuna wakati kidole kinakaa chenyewe, na hapo unaacha.

Gundi ya viatu sikuigusa, ingawa kopo lilikuwa wazi mbele yangu. Ina kiyeyusho kinachoweza kula rangi, na ikishakamata huitoi kwa usalama. Nimetumia gundi ya utepe, ile nene ya pande mbili inayobandika urembo kwenye magari. Siku ukitaka kuitoa, unaipasha moto kidogo kwa draya ya nywele, unapitisha mshipi wa kuvulia chini yake kwa kuvuta huku na huku, inaachia.

Mfuko nimeshona kwa turubai jepesi, ndani nimeweka kitambaa laini. Kamera ina upana wa sentimita 10 na kidogo, kimo karibu 6, unene pungufu ya 4. Nikaacha nafasi ya kidole kila upande ili itoke bila kupigana. Zipu hapana, meno yake hukwaruza kioo. Badala yake kuna mfuniko mrefu unaoshuka mpaka karibu na chini. Ndani kuna kimfuko cha kuwekea vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu vipya. Ninavyo vingi, watu huvitupa. Vikishiba unyevu, unamimina chembechembe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, zinakauka, unazirudisha.

Saa 10. Bwana mmoja kaja na kamera kubwa ya filamu ya marehemu baba yake, anataka kava ya ngozi kamili, ikae sebuleni. Huyo nimempimia palepale. Kitu cha kukaa kabatini kina haki ya kupendeza, nikamsihi tu asiifungie kamera ndani ya ngozi hiyo miezi yote ya mvua.

Saa 12 jioni. Binti kaja kuchukua. Ningependa aiache hadi kesho niibandike mwenyewe asubuhi, akasema hapana, kuna mgeni wa usiku. Basi nikampa raba na utepe wake juu yake: afute kamera kwa spiriti, aache ikauke, abandike akiwa anakwenda kulala, akandamize, asiivute mpaka kesho yake. Mkanda wa mkono nimemfungia bure kwenye kitanzi cha pembeni, na kwenye mtumbwi auvae hata kama gripu ipo. Nikamwambia pia kuhusu gari lenye kiyoyozi: akishuka kwenye joto, kamera ibaki mfukoni kwanza ipate moto wa nje, la sivyo lenzi itapata umande.

"Haya, baba, asante."

"Elfu ishirini na tano."

"Ishirini, fundi, na wageni nitakuletea."

Ishirini na tatu.

Saa 3 usiku. Picha WhatsApp. Kaibandika karibu mno na lenzi, pete inasugua raba. Nikamwandikia: toa sasa hivi kabla haijakamata, utepe mwingine umo kwenye kile kimfuko cha ndani, mshipi unao?

"Upo wa kaka. Wa kuvulia changu au wa jodari?"

Wa changu, mwanangu. Mwembamba.