Siku moja na mimi, karani wa koti

Nikimwambia mtu nafanya kazi kotini, swali la kwanza ni kama naweza kumsemea kwa hakimu, la pili ni kama faili inaweza kupotea. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia Jumatatu yangu vile inaenda. Jumatatu kwa sababu ndiyo mbaya zaidi. Katiba ya Kenya inasema ukishikwa ufikishwe kotini ndani ya saa 24, na kama hizo saa zinaishia siku ambayo koti imefungwa basi ni siku ya koti inayofuata, kwa hivyo wa Ijumaa usiku, wa Jumamosi na wa Jumapili wote wanashushwa kwa gari moja.

Saa moja na nusu asubuhi niko ofisini, natoa faili, nalinganisha na orodha ya siku, isiyoonekana naitafuta. Saa mbili chaji shiti, zile karatasi za mashtaka, za wapya zinafika, nasajili.

Halafu inakuja kupanga kesi ipi itangulie. Mawakili wananizunguka, "madam niweke mapema, niko na ingine koti ya juu", na kwa mazoea mwenye wakili anaitwa kwanza, yule amekuja peke yake anakaa kwa benchi mpaka saa sita. Kuna utafiti wa Israeli wa 2011 ulivuma sana, walisema majaji wa parole, wale wanaoamua kama mfungwa aachiliwe mapema, wakitoka tu mapumziko wanakubali maombi kama asilimia 65 halafu inashuka mpaka karibu sifuri kabla hawajakula. Watu wakacheka, eti haki ni tumbo. Mwaka huo huo wengine wakajibu kwamba ule mpangilio haukuwa wa bahati tu, wafungwa wasio na mawakili ndio walikuwa wakiwekwa mwisho kabla ya mapumziko. Nikasema hawa sasa wanajua koti.

Saa tatu mheshimiwa, yaani hakimu, anaingia, nasema koti isimame, tunaanza. Mention, yaani kesi inatajwa tu bila kusikilizwa, tarehe, mention, tarehe, shahidi hakuja, tarehe, warranti ya kukamata mtu, tarehe. Hiyo ni saa nzima na sina la kuwaambia.

Kwenye saa nne na nusu hivi nikamsomea kijana mmoja shtaka la kuiba mabati, kwa Kiswahili anachoelewa, nikamuuliza ni kweli ama si kweli. Akasema ni kweli. Nyuma nikasikia mzee, mwenye mabati, anashusha pumzi kabisa, kwake kesi imeisha. Lakini haijaisha! Tangu ile kesi ya Adan ya 1973, ukikubali shtaka lazima prosekyuta asome vile mambo yalitendeka na wewe uulizwe tena kama hayo yote ni sawa. Prosekyuta akasoma, kijana akasema mabati alibeba, ndiyo, ila alitumwa na mtu akamlipa kubeba, hakujua ni ya wizi. Mheshimiwa akaacha kuandika, akamwangalia, akamuuliza arudie. Akarudia vile vile. Basi akafuta ile ya kwanza, akaandika amekana. Halafu akauliza prosekyuta kama anapinga bondi, yaani kijana aachiliwe kwa dhamana, prosekyuta akageuka kwa afande wa upelelezi, afande hana hati ya kiapo, hana kitu mkononi. Bondi elfu hamsini na mdhamini mmoja. Faili ingine.

Mapumziko nimefungua mlango tu, mzee ananingoja.

"Msichana wangu, wewe ndiye ulimuuliza na akakubali, nimesikia na hii masikio yangu."

"Ni kweli mzee, alikubali, lakini..."

"Hakimu amepewa ngapi?"

Nikamweleza pole pole, kwa sababu ni mzee na mabati yake yameenda kweli. Kwamba kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, na sababu hailetwi na hakimu, inaletwa na upande wa mashtaka kwa karatasi, kwamba anatisha mashahidi, kwamba hana makao. Hakimu hawezi kuitoa kichwani hata kama roho inamwambia. Akanisikiza mpaka mwisho vizuri kabisa halafu akasema, "Kuna simu imetoka juu." Kwa mabati! Nikaanza upya. Akaniuliza mimi ni wa wapi, kijana ni wa wapi, eti tumetoka mlima mmoja. Dakika zangu za chai zikaisha hivyo, na kumbe kijana mwenyewe alikuwa bado yuko kwa seli hapo chini, hana mdhamini, jioni alipakiwa kwa gari ya rimandi na wengine. Nilimwambia mzee kijana bado yuko ndani. Hakuamini.

Na sio kwamba serikali haina mkono, mimi siwadanganyi. Ila simu ndiyo njia ndogo. Mwaka wa 2019 tume ya mahakama ilipendekeza majaji 41, rais wa wakati huo akakaa na hayo majina mpaka Juni 2021 akaapisha 34, mmoja alikuwa amefariki, sita akawaacha nje, hao wakaingia Septemba 2022 rais mpya alipokuja. Hesabu mwenyewe kesi ngapi zililala. Bajeti nayo inapitia bunge, ikikatwa mimi naiona kwa makaratasi ya printa. Afande asipoleta mashahidi kesi inakufa bila mtu yeyote kupiga simu, na lawama inabaki kwa hakimu. Na pia mnasahau Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa kitini, majaji wanne kwa wawili. Huwezi kusema koti zote ziko mfukoni mwa serikali.

Mchana ni kusikiliza kesi. Hapa saa sijui tena. Mimi naapisha shahidi, natafsiri, naweka alama kwa vielelezo, mheshimiwa anaandika kila kitu kwa mkono mwenyewe, kwa hivyo shahidi akienda mbio tunamsimamisha, "pole pole mama", na wakili anauliza swali lile lile kwa njia nne. Miguu imevimba. Mheshimiwa anasugua vidole. Ameniambia mara mingi kinachomsumbua si sheria, ni kuamini nani, na hapo anaangalia kama maneno ya leo yanakaa na yale shahidi aliandikisha polisi.

Wote wameenda, mimi nachapa mwenendo wa kesi ya zamani iliyokatiwa rufaa. Jaji wa rufaa hatamwona huyu shahidi, hatamsikia, atapima ushahidi upya kwa hizi kurasa zangu tu. Na mwandiko wa mheshimiwa ikifika saa kumi na moja ni shida tupu. Kuna mstari mmoja nimeuangalia na taa ya simu, sijui kama shahidi alimwona mshtakiwa ama hakumwona. Nimeuwekea penseli. Kesho kabla koti haijaanza atanisomea mwenyewe.