Kopi mbili

Juzi binti yangu alikuwa na zoezi la biolojia, ya vitu mtu anarithi, akaniuliza, "Papa, mimi nilitoa nini kwa koko?" Koko ni bibi yake, mama yangu mimi. Nikamwambia meno. Akaandika meno, akaenda kulala, usingizi ukanikimbia mimi.

Nilikumbuka kile kikao chetu juu ya mama, mwenye kumbukumbu ilikuwa inamtoka. Ilikuwa Julai 2023, Marekani ndo walikuwa wametoka kuidhinisha kabisa lecanemab, dawa ya Alzheimer, ule ugonjwa unakula kumbukumbu. Mdogo wangu, mwenye anafanya unesi Ubelgiji, akapiga simu ati yaya (ni mimi, mkubwa wake), kusanya watu. Tukakutana kwa mama, Kadutu, Bukavu: mjomba, shangazi, mimi, simu tumeiegemeza kwa termosi, sauti juu. Mama yuko pale pale kwa kiti chake.

Akaeleza. Kuna jeni inaitwa APOE, kazi yake kusaidia kubeba mafuta mwilini na ndani ya ubongo, sasa iko na aina ya 4 yenye inapandisha hatari ya Alzheimer, ukiwa nayo moja ni kama mara 3, ukiwa na mbili inapanda mbali zaidi. Dawa inasafisha amiloidi, ile protini inaganda kwa ubongo, haiponyi, inapunguza tu mbio za ugonjwa, tena ni ya wenye ndo wanaanza (hapo nikamwangalia mama, nikanyamaza). Na wenye kopi mbili ndo ubongo wao unavimba ama kuvuja damu kushinda wengine, kwa hiyo anatuma kichupa, mama ateme mate wapime.

Mjomba, mwenye toka mwanzo anasema dada yake alirogwa, akauliza, "Hiyo ya nne ilitoka kwa nani?"

"Kwetu haimo!" shangazi akadakia, maana yeye ni wa upande wa papa.

"Kila mtu anapewa moja na baba, moja na mama," mdogo wangu akasema. "Mama akiwa na mbili, wazazi wake wote wawili walitoa." Akanyamaza kidogo. "Na sisi watoto wake, kila mmoja iko nayo. Lazima."

Hakuna mwenye alisema kitu. Jenereta ya jirani inanguruma, shangazi anakunja kitenge chake, anakikunjua, anakikunja tena. Ndo mama akainamia simu kama anajibu mteja wa samaki: "Wewe mwenye unaongea, sambaza zimeisha. Rudi kesho."

Mjomba ndo alianza kucheka, tukacheka wote mpaka Ubelgiji.

Kichupa hakikufika. Mama alituacha mwaka uliofuata. Aprili 2025 Ulaya nao wakaikubali ile dawa, ila wenye kopi mbili wakaachwa nje, yaani wenye jeni imewakaba zaidi ndo hawapewi. Sasa watafiti wanajaribu kuwaingizia hao jeni ya aina ya 2, ile yenye inalinda, tuone. Halafu nilisoma kuhusu Ibadan, kule Nigeria, watafiti hawakukuta hiyo ya 4 inabana watu vile inabana Wazungu, sasa zile hesabu za mdogo wangu zilikuwa za nani? Za Washi, watu wa kwetu, je? Nikimuuliza anabadilisha stori.

Yeye alishapimwa. Nilimkataza asiniambie majibu, ila siku hizi kila akipiga simu lazima aulize, "Yaya, jana ulikula nini?" Najibu haraka haraka sombe, hata kama sikumbuki.