Siku Tatu za Majilio Chini ya Milima ya Cherangani

Ijumaa tarehe 19 Desemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa steji ya Nakuru na begi moja na pakiti nne za majani ya chai. Shangazi yangu ni mtawa wa Mtakatifu Benedikto, katika nyumba ndogo ya masista upande wa Cherangani, na nilikuwa sijamtia machoni kwa miaka sita. Simu tulipigiana. Lakini simu si kuonana, na safari hii alikuwa amenisisitizia: "Usije siku ya Krismasi, mwanangu. Njoo kabla, wakati wa Majilio, majuma yale ya kujiandaa, tukiwa bado tunangoja."

Kungoja nilikuanza palepale steji. Kila mwenye kwao magharibi alikuwa safarini, na magodoro, na kuku ndani ya vikapu, na nauli imepanda karibu maradufu. Gari letu lilijaa saa moja na nusu. Tangu Salgaa malori ya kwenda Malaba yalikuwa yamefuatana kama siafu, na tulipokaribia Mau Summit gari likaanza kutoa moshi. Dereva akafungua boneti, akaomba maji. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa karibu saa tatu. Watu walinung'unika, nami nikanung'unika nao, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi shangazi kwamba nitawahi Masifu ya Jioni, sala ya pamoja ya masista.

Timboroa tuliipita ndani ya ukungu. Pale ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na wauza viazi walikuwa wamejifunga mablanketi mchana kweupe. Eldoret nikabadilisha gari. Kutoka Soy hadi Moi's Bridge kote ni mahindi: mabua makavu mashambani, punje zimeanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa lami, watoto wakiyageuza kwa miguu. Kitale, gari jingine, Kachibora, bodaboda. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipobonyeza kengele ya lango la masista, saa kumi na mbili na dakika kumi. Masifu huanza saa kumi na mbili kamili.

Sauti ya kizee ikaitika kutoka ndani: "Tumshukuru Mungu!"

Sikuwa nimesema jina langu. Nilidhani amenitambua kwa dirisha, kumbe hapana, ndivyo anavyomwitikia kila abishaye, awe askofu au mtu wa kuuza sukuma wiki. Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake karne ya 6 kule Monte Cassino, Italia, sura 73, na sura ya 66 yote ni ya bawabu: awe mzee mwenye busara, na mtu akibisha au maskini akiita, ajibu kwa kumshukuru Mungu. Sista yule alinipokea begi, akanishika mkono, akaniongoza hadi kanisani na vumbi langu lote. Akanisogezea kiti.

Walikuwa kumi na mmoja. Nilimtafuta shangazi kwa macho nikamwona safu ya pili, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Walipofika kwenye Wimbo wa Bikira Maria, sista wa shamba akasimama peke yake. Alikuwa na mikono mikubwa ya mkulima. Akaanzisha antifona, yaani kiitikio cha wimbo: "Ee Shina la Yese." Wengine wakapokea.

Hapa nieleze kidogo. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba, kila jioni wimbo wa Maria hutanguliwa na antifona ya pekee inayomwita Kristo kwa jina moja la kale: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Zote huishia na ombi la "njoo". Katika monasteri za zamani za Ulaya palikuwa na desturi ya kugawia watu antifona hizi kulingana na kazi zao. Mtunza bustani alianzisha ya Shina, na mtunza ghala, mwenye funguo za nyumba, alianzisha ya Ufunguo. Masista hawa wanaishika desturi hiyo. Sista wa stoo ni shangazi yangu, na siku ya Ufunguo ni tarehe 20.

Tulipotoka kanisani ndipo nilipomwona akitembea. Alikuwa anaburuta mguu wa kushoto.

"Kiharusi kidogo," alisema. "Mwezi wa tatu."

"Na hukuniambia, Shangazi?"

"Ungefanya nini na simu?"

Sikuwa na jibu. Nililia pale kwenye baraza, naye akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, hadi kengele ya chakula ikalia. Mezani hakuna mazungumzo, mmoja husoma wengine wanakula. Ilikuwa githeri na managu, na sahani yangu ilikuwa imefunikwa kwa sahani nyingine tangu saa sita mchana, ikiwa ningewahi kufika.

Alfajiri yake nilichelewa tena. Nilisikia kengele, nikasema dakika mbili tu, na nilipoingia kanisani nikijifunga lesso walikuwa wameshaanza: "Njoni, tumwimbie Bwana." Lakini walikuwa wakiimba taratibu mno, mstari, kimya kirefu, mstari, mpaka nikajiuliza kama wana usingizi. Novisi mmoja, sista aliye bado katika malezi, akaingia baada yangu. Kisha sista mzee kabisa, kwa fimbo, hatua kwa hatua. Alipokaa ndipo zaburi ikamalizika.

Nilimuuliza shangazi tukichambua maharagwe jikoni. Akacheka. "Imeandikwa hivyo," akasema. Katika sura ya 43 Benedikto anaagiza zaburi hii ya 94, ambayo katika Biblia zetu nyingi ni ya 95, iimbwe polepole sana alfajiri, makusudi, ili aliyechelewa awahi kuingia kabla haijakwisha. Mtu aliyetunga sheria ya nyumba nzima, mwenye adhabu zake kwa wazembe, aliona vema kuwapunguzia wenzake mwendo wa zaburi kwa ajili ya yule anayehangaika na viatu gizani. Nimeisikia Injili maisha yangu yote. Hili la zaburi ndilo lililonigusa zaidi ya mahubiri mengi.

Jumamosi hiyo nilikaa naye stoo. Ana funguo kumi na moja, amezifunga kwa kipande cha kitenge cha bluu ambacho ukingo wake umechakaa kwa vidole. Kila ufunguo anaujua kwa kuupapasa. Majembe yameoshwa, yamepakwa mafuta, yametundikwa kwa ukubwa. Niliweka debe la asali chini kwa kishindo, akanitazama tu. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala aone vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare, na kwake hayo si maneno ya kitabuni. Nikaliinua debe, nikaliweka upya.

Huku kwetu Nakuru Krismasi inaanza Novemba, na ikifika tarehe 25 yenyewe tumeshachoka nayo. Pale sikuona taa hata moja ya kumetameta. Pango la kuzaliwa Yesu lilikuwa na nyasi kavu na ng'ombe wa udongo aliyevunjika sikio, basi. Mezani palikuwa na taji la matawi ya saipresi lenye mishumaa minne. Ule wa waridi, wa Dominika ya tatu, ulikosekana madukani Kitale, kwa hiyo walichukua mweupe wakauzungushia uzi wa sufu wa waridi, mzunguko kwa mzunguko, na ulipowaka uzi ule wa juu ulikuwa umeungua ukaacha alama nyeusi.

Shangazi alichukua maharagwe saba akayapanga mezani. Juu ya karatasi ya sukari akaandika herufi za kwanza za majina yale kwa Kilatini, moja chini ya kila harage: S, A, R, C, O, R, E. "Sasa soma kutoka mwisho," akasema. Ero cras. Maana yake, kesho nitakuwapo. Unaita siku saba, na siku ya saba ukigeuka nyuma unakuta umeshajibiwa. Alisema kwamba mwezi wa tatu, hospitalini, aliyarudia majina hayo saba kila usiku ingawa haikuwa Majilio, kwa sababu ulimi ulikuwa mzito na hayo ndiyo maneno mafupi aliyoyaweza.

Jioni ilipofika akasimama. Funguo zikalia mfukoni. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka chini, chini mno kuliko noti aliyopewa na kinanda: "Ee Ufunguo wa Daudi." Nilifumba macho. Niliogopa kwamba wenzake wangepokea juu, pale panapostahili, na kosa lake libaki linaning'inia peke yake. Hawakufanya hivyo. Sista wa kinanda akaondoa mikono. Wakapokea palepale alipo, wote kumi, hata novisi wenye sauti nyembamba ambao kule chini hawakuwa na sauti kabisa na ilibidi watamke tu: wewe ufunguaye wala hakuna afungaye, njoo, umtoe kifungoni akaaye gizani. Wimbo mzima wa Maria waliuimba kutoka huko.

Baada ya chakula aligawa karanga na asali, maana mtunza ghala huandaa kitu siku yake. Hakuna aliyetaja noti. Sista wa shamba alimwambia tu, "Sista, leo umetuimbisha vizuri," na alimaanisha.

Dominika nilibaki, Jumatatu nikaondoka. Shangazi alinisindikiza hadi langoni kwa mwendo wake, na safari hii sikumpita wala sikumvuta mkono. Alinipa gorogoro mbili za maharagwe na chupa ya asali. "Ukifika nipigie," akasema, nami nikasema nitarudi Kwaresima, na nimeshaomba ruhusa kazini.

Jumanne tarehe 23, nyumbani Nakuru, nilizima redio saa kumi na mbili jioni. Watoto walikuwa wanamenya viazi. Nikaanza "Ee Emanueli", nikaanzia chini, pale alipoanzia shangazi.

"Mama, mbona chini hivyo?" akauliza mkubwa.

"Pokea tu," nikamwambia.