Nani kakuliza?

Jumanne, usiku

Leo ni siku ya 22 tangu niamke na kope ya juu ya jicho la kushoto imevimba. Haikuvimba yote. Ni upande wa nje tu, ule wa kuelekea sikioni, hadi ukingo wake ukajipinda kama herufi S iliyolazwa. Kila aliyeniona aliuliza lilelile: nani kakuliza? Wala sikuwa nimelia.

Nilikoanzia waliniambia ni chokea, wakanipa mafuta ya kupaka. Chokea hukaa ukingoni mwa kope, penye nywele. Changu kilikuwa juu zaidi, chini ya mfupa wa nyusi, na nikikibonyeza kidogo tu naruka. Siku tano zikaenda bure, na kinyongo bado ninacho.

Daktari wa macho niliyemwona baadaye hakuhangaika na mafuta. Aliivuta kope juu kwa kidole gumba, akaniambia nitazame chini, upande wa pua, kisha akanipa kioo. Kwenye kona ya nje palichungulia kinofu chekundu kilichotuna. "Hiyo ndiyo tezi yako ya machozi," akasema.

Miaka yote nilidhani machozi hutoka kwenye ile kona ya puani. Si ndiko tunakoyafuta? Kumbe kule ni mtaro tu, unaoyapeleka hadi ndani ya pua, ndiyo maana mtu akilia kamasi nazo hazikai. Chemchemi iko upande wa pili, kwenye kibonde cha mfupa wa paji la uso. Ni kitu cha ukubwa wa lozi, urefu wake kama milimita 20. Kano ya msuli unaoinua kope imeigawa sehemu mbili, kubwa ndani na ndogo chini ya kope. Sasa sikia hili: vijifereji vya ile kubwa hupita ndani ya ile ndogo. Daktari wa upasuaji akiikata ndogo ovyo, kubwa nayo haina pa kumwagia.

Aliniwekea ukanda wa karatasi kwenye kila jicho, dakika 5, macho nimefumba. Ukilowa chini ya milimita 5, jicho ni kavu. Kulia 14, kushoto 9. Nilijisikia kama mtahiniwa aliyepita kwa alama za kubahatisha.

Kisha picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani tabaka kwa tabaka. Nilitaka kujua kwa nini aliniuliza mara tatu kama inauma na ilianza lini. Akanielekeza kwenye kioo cha kompyuta. Tezi yangu imenenepa lakini imejilaza kufuata mviringo wa jicho, na mfupa ulio nyuma yake uko laini, haujachimbwa. Uvimbe uliokua taratibu kwa miaka bila maumivu huwa duara na hujichongea shimo mfupani. Huo mara nyingi si saratani, ila hautolewi kipande cha kupima. Hutolewa mzima na ganda lake, kwani ukipasuka mbegu zake hubaki na kurudi. Unaotisha ni ule unaouma kwa miezi huku mfupa ukiliwa: kuna saratani ya tezi hii inayopenda kutambaa kwenye neva. MRI, picha ya sumaku, ingeionyesha neva vizuri zaidi, lakini kwa mfupa CT inatosha.

Kwa hiyo maumivu yangu ya ghafla yalikuwa habari njema. Wiki tatu nilikuwa nayalaani.

Anadhani ni uchochezi tu, yaani tezi imewaka na kuvimba, pengine kwa virusi. Hata matubwitubwi huweza kuivimbisha tezi hii. Kilichomfanya achukue damu ni jicho la kulia: kwenye picha, tezi ya huko nayo imenenepa kidogo. Zikivimba zote mbili, mtu huanza kutafuta mwilini kwingine: sarkoidosi, inayoota vinundu vya uchochezi mwilini; ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate; limfoma, saratani ya chembe za kinga. Aliyataja haraka, macho yake kwenye karatasi anayoandika.

Vichupa vinne vya damu. Majibu Ijumaa. Ile S imeshanyooka karibu yote, na bado kila nikipita kwenye kioo nalitazama jicho la kulia.