Vitunguu vya Hamburg na saa za Tanga

Mjomba alikishika kile kitunguu shingoni, akakigeuzageuza kama anayekagua samaki asiyemwamini muuzaji wake, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ndicho hiki ulichokipandisha ndege?"

Miezi mitano nilikuwa nalihudumia lile tuta. Samadi ya mbuzi nilitia, magugu niling'oa kwa mkono, maji nilimwagilia asubuhi na jioni. Majani yalisimama mazuri, ya kijani kilichokolea, jirani zangu wa Chumbageni, hapa Tanga, wakawa wanapita wanasifia. Lakini kila nilichong'oa chini kilikuwa hivyo hivyo: shingo nene kama kidole gumba, mizizi myeupe, na kichwa hakuna. Pakiti ilionyesha kitunguu cha rangi ya dhahabu, kipana kama kisahani cha kikombe. Aina yenyewe inaitwa Stuttgarter Riesen. Kwa Kijerumani Riesen maana yake majitu.

Nilisoma Hamburg miaka miwili, na mwenye nyumba wangu alikuwa na kijibustani kando ya reli, ndiko nilikojifunza ugonjwa huu wa mbegu. Mara ya kwanza kuja likizo nilileta za nyanya nilizozikamua mwenyewe, nikazikausha na kuzifunga kwenye kipande cha gazeti. Mkaguzi uwanja wa ndege alizichukua. Nilinuna hadi nyumbani, lakini hakunionea. Kuna virusi vya nyanya vinavyosafiri vimeganda juu ya mbegu, wala jicho halivioni. Safari iliyofuata nikafanya inavyotakiwa: kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwanza, kisha cheti cha afya ya mimea cha huko zinakotoka. Kwa pakiti tano za mbegu ni usumbufu, sikatai. Mjomba alipiga hesabu akasema kwa gharama ile ningenunua gunia la vitunguu na chenji ya nauli.

Nikadhani ni udongo. Nikadhani ni chumvi, maana upepo wa bahari unatufikia. Siku moja nikakumbuka jioni za mwezi wa sita kule Hamburg, jua linazama karibu saa nne usiku, watoto wamegoma kulala. Mchana wa siku zile unafika urefu wa saa 17. Tanga tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote katika mwaka haufiki saa 12 na nusu. Na kitunguu kinahesabu. Aina hizi za kaskazini hazianzi kutunisha kichwa mpaka mchana upite saa 14 hivi. Basi vitunguu vyangu vilikuwa vinangoja kiangazi ambacho Tanga hakijawahi kufika. Ningemwaga samadi ya nchi nzima, visingesogea.

Nilipomweleza Mjomba, alicheka mpaka akakaa chini. Alifanya kazi mashamba ya mkonge ujana wake wote, na hadithi anayoipenda ni ya Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Ilipitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 mkoa mzima ukageuka mkonge. "Ile ilitoka kwenye jua, ikaja kwenye jua," akasema. "Wewe umetuletea nini, watoto wa baridi?"

Si zote zilinitia aibu. Figili nyekundu zilikuwa waja leo waondoka leo: hata mwezi hazikumaliza ardhini, tukazila na chumvi na ndimu. Saladi ilinisumbua. Nilimwaga pakiti nzima mwezi wa pili, haukuota hata mche mmoja, kwa sababu udongo ukipita nyuzi 30 hivi mbegu ya saladi inajilalia zake. Nikajaribu tena kwa kuzitandaza juu ya tishu mbichi kwenye kisahani, nikaziweka friji, chini kabisa kwenye droo ya mboga. Zilipotoka zilikuwa zimeanza kutoa kijimzizi cheupe kama ncha ya sindano. Nikazipanda wakati wa kusi chini ya kivuli cha makuti, na hizo tulikula. Zilizochelewa zilikimbilia maua, zikawa chungu kama shubiri.

Nyanya zilichanua vizuri, halafu maua yakadondoka kila asubuhi, tuta likawa la manjano. Usiku wa Tanga wakati wa kaskazi haupoi, nazo zinataka usiku wa kupumua. Nimerudi kwenye nyanya zangu za kawaida, aina ya Tanya, kimya kimya. Ile mboga ya majani yaliyojikunja, ndugu wa sukuma wiki, nilimpelekea dada Lushoto. Huko inastawi kiasi kwamba anaigawa, ila anasema inatafunika kama mkeka.

Vitunguu sasa nimenunua mbegu za Red Creole, duka la pembejeo Ngamiani, aina inayoridhika na mchana wetu. Vimeanza kutuna, udongo unapasuka kidogo kuzunguka shingo, nikipita nainama kutazama. Tuta la Stuttgarter sikuling'oa. Tunakata majani na kuyakaangia mayai, na Mjomba ambaye alicheka ndiye anayekuja na kisu chake. Pakiti tupu ameiomba. Ameigongomea msumari kwenye mlango wa banda la kuku, lile picha la kitunguu cha dhahabu likiwa linatazama nje, na mgeni akiuliza anamjibu kwamba ndivyo vilivyo kule bustanini, ila vimelala.