Mikamuo sita, chupa nane: siku ya kazi ya mama anayekamua tu

Mwanangu ana miezi mitatu na nusu, ana kilo 5.4, na kaakaa lake, yaani paa la kinywa, limepasuka tangu kuzaliwa. Kunyonya ni kazi ya mvuto. Mtoto hufunga kinywa, hushusha ulimi, hewa ya kinywani hupungua na maziwa hufuata. Pakiwa na tundu kati ya kinywa na pua, hewa huingilia puani na mvuto haupatikani. Atawekwa kifuani saa nzima, atachezesha taya mpaka achoke, na tumboni kutakuwa kumeingia kidogo sana. Kwa hiyo kila anachokunywa hupitia kwenye pampu. Upasuaji wa kaakaa kwa kawaida hufanywa kati ya miezi 9 na 18, maana yake siku kama hii itajirudia mara nyingi.

Hesabu ya kuanzia: mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 5.4 zinatoa mililita 810, yaani karibu chupa nane za mililita 100, kila baada ya saa tatu. Wiki za mwanzo mama anayekamua anahitaji mikamuo 8 mpaka 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Maziwa yakishatulia, kwa wengi kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, inawezekana kupunguza kidogo kidogo. Mimi sasa niko kwenye sita.

Saa 10 alfajiri

Mkamuo mkubwa kuliko yote, karibu mililita 190 kwa matiti yote mawili. Titi limekaa saa tano na nusu bila kukamuliwa, na prolaktini, homoni inayolifanya titi litengeneze maziwa, huwa juu usiku. Anayetaka kupunguza mikamuo asianze kwa kuufuta huu.

Mikono kwanza, sabuni na maji yanayotiririka. Kisha naunganisha: faneli (ile koni inayokaa juu ya titi), kiwambo cha kuzuia maziwa yasirudi kwenye mrija, vali iliyochongoka kama mdomo wa bata, chupa, mrija, mota. Nikisahau kiwambo, maziwa hupanda mrijani. Vali isipokaa sawasawa, mota hunguruma na hakuna kinachotoka.

Faneli ndiyo inayowaumiza wengi. Pampu nyingi huja na ya milimita 24 au 28, na wanawake wengi hawafiki huko. Pima chuchu kwenye shina lake, bila lile eneo jeusi linaloizunguka, kabla ya kukamua. Ongeza milimita 1 mpaka 3. Chuchu ya milimita 17 inataka faneli ya 19 hivi. Ikiwa kubwa mno, eneo jeusi huvutwa lote ndani, titi huvimba na maziwa hubaki. Ikiwa ndogo mno, chuchu husuguana na kuta, hupauka na kuchanika. Siyo lazima kununua pampu nyingine, kuna vipete vya silikoni vya kuingiza ndani ya faneli ili kupunguza upana. Matone mawili ya mafuta safi ya nazi kwenye ukingo hupunguza msuguano.

Dakika mbili za kwanza natumia mwendo mwepesi wa haraka, ule unaoiga mtoto anapoita maziwa. Yakishashuka na kuanza kuchuruzika, nahamia mwendo wa taratibu na wa kina. Nguvu ya kuvuta naipandisha mpaka nianze kuhisi usumbufu, kisha naishusha ngazi moja, na hapo ndipo pa kukaa. Kupandisha zaidi hakuleti maziwa zaidi. Maumivu huzuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke, na bila oksitosini maziwa hayashuki hata titi likiwa limejaa.

Mkono mmoja unashika faneli, mwingine unabonyeza titi polepole kutoka kwapani kuja mbele. Mkono huu huongeza maziwa, hasa yale ya mwisho yenye mafuta mengi. Dakika 15 mpaka 20, yakikatika naongeza mbili, basi.

Nikimaliza kukamua nauacha mrija kwenye mota inayozunguka dakika mbili zaidi ili unyevu ukauke. Mrija wenye matone huota ukungu mweusi, na huo hausafishiki, unatupwa. Ndiyo maana pia pampu ya kurithi isiyo na kizuizi kati ya maziwa na mota ni ya kukataa hata ikitolewa bure.

Saa 11 alfajiri

Mililita 100 za mkamuo ule zinakwenda moja kwa moja kwenye chupa. Hazijapoa, hazihitaji kupashwa. Zilizobaki 90 zinaingia friji, nyuma kabisa kwenye rafu, siyo mlangoni ambako joto hupanda kila unapofunguliwa.

Mtoto anakaa wima, kichwa kikiwa kimeshikwa vizuri. Chupa ni laini, ya kuminywa, kwa sababu mvuto hana. Anapochezesha taya naiminya kidogo, anapomeza naachia. Chuchu ya chupa naielekeza upande wa kaakaa ulio mzima. Maziwa kutokea puani ni jambo la kawaida kwake, kwa hiyo nasimama, nafuta, anapumua, tunaendelea. Kumcheulisha ni kila baada ya mililita 30 hivi, kwa sababu anameza hewa nyingi. Mlo mzima usizidi nusu saa, maana ukizidi hapo nguvu anayotumia kula inakaribia ile anayoipata. Watoto wa aina hii wakiugua masikio huugua mara kwa mara, na maziwa ya mama hupunguza hatari hiyo. Hiyo peke yake inanitosha kuamka saa 10.

Saa 12 asubuhi

Begi la kazini: mota yenye chaji, chaja, faneli seti tatu kavu kwenye kopo safi lenye mfuniko, chupa sita, deli dogo lenye vipande vitatu vya barafu ya kugandisha, taulo dogo, khanga, kalamu ya kuandikia kwenye chupa, vali mbili za akiba, na pampu ya mkono. Seti tatu ni ili nisioshe kitu kazini. Ukiwa na seti moja utaosha mara mbili kwenye sinki la ofisi, na sinki ndilo mahali pachafu kuliko unavyodhani.

Friji inabaki na chupa nne za mililita 100. Hayo ni maziwa ya ofisini ya jana, nayo ndiyo mlo wa mchana wa leo. Bibi yake atampa saa 2, saa 5, saa 8 na saa 11. Kuyapasha ni kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu wala jikoni motoni. Mafuta yaliyopanda juu yanachanganywa kwa kuzungusha chupa. Kilichobaki baada ya mtoto kuweka mdomo kinamalizwa ndani ya saa mbili, la sivyo kinamwagwa. Inauma kumwaga, ndiyo sababu chupa ni za 100 na si za 200.

Saa 2 asubuhi

Ofisini, Posta, katikati ya Dar es Salaam: chumba cha mafaili, mlango una kitasa. Karibu mililita 140.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Neno lililoandikwa ni kumlisha mtoto, kwa hiyo ni busara kuandika barua kabla likizo ya uzazi ya siku 84 haijaisha, ukieleza kwamba mtoto wako analishwa kwa kukamua na ukitaja saa zako. Mikamuo mitatu ya nusu saa ni dakika 90, bado umo ndani. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri aweke chumba chenye mahali pa kunawa, pa kupoozea maziwa, umeme, meza na kiti, pamoja na muda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Ukienda kuomba chumba, orodha hiyo ni ya kuombea hata huku.

Chupa inaandikwa tarehe na saa, inaingia kwenye deli. Kanuni ya kawaida ni saa nne nje ya friji kwa joto lisilozidi nyuzi 25, siku nne kwenye friji, miezi sita kwenye friza kwa ubora mzuri. Dar es Salaam nyuzi 25 mchana ni nadra, kwa hiyo hiyo ya saa nne naichukulia kama haipo. Deli lenye barafu ambayo bado ni ngumu hulinda maziwa mpaka saa 24.

Saa 5 na nusu

Mililita 135. Hakuna jipya.

Nisemee hapa habari ya chakula, maana saa hizi ndipo ushauri wa wenzangu kazini huanza: mtori, supu ya kongoro, uji wa pilipili manga. Ni chakula kizuri kwa mwili unaotengeneza karibu lita moja ya maziwa kwa siku, na maji lazima uyanywe. Lakini kinachoamuru titi litengeneze ni kutolewa yaliyomo. Titi linaloachwa limejaa hupata ujumbe kwamba maziwa hayatakiwi, na uzalishaji hupungua. Mwenye kuruka mikamuo miwili kila siku hatafidiwa na uji.

Saa 9 alasiri

Mililita 125, pale kila kitu kikiwa sawa. Mkamuo huu ndio unaofichua hitilafu, kwa sababu kila siku ni mdogo na kupungua kunaonekana haraka.

Maziwa yakishuka ghafla kwa siku mbili tatu, kagua kwa mpangilio huu kabla ya kujilaumu. Kwanza vali. Silikoni ikivutwa mara sita kila siku hulegea, na mdomo wa bata ukiachia upenyo hata ukiwa umepumzika, mvuto umeshapotea. Kwa matumizi kama haya vali hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kisha kiwambo, kama kina ufa. Kisha ncha ya mrija, kama imepanuka na kulegea kwenye mota, unaweza kukata sentimita moja ukairudishia. Halafu ndipo uangalie saa zako, hedhi kama imerudi, dawa za mafua zenye sudoefedrini, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambavyo vyote hupunguza maziwa. Ukinunua pampu Kariakoo au mtandaoni, ulizia vali za akiba kabla ya kulipa. Pampu isiyo na vali sokoni ni pampu ya miezi miwili.

Kama vifaa ni vizima na maziwa bado yako chini, mara moja kwa siku badilisha mkamuo mmoja uwe hivi: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, na usihesabu kinachotoka kwenye hizo dakika za mwisho. Lengo ni kuagiza maziwa ya kesho kutwa.

Saa 1 usiku

Mililita 110. Nimefika nyumbani, mtoto nimemlalisha kifuani ngozi kwa ngozi kabla ya kuwasha pampu, na maziwa hushuka upesi zaidi. Saa 2 anakula.

Kisha beseni la pampu, ambalo halioshi kitu kingine, na brashi yake. Vifaa vyote vilivyogusa maziwa vinasuuzwa kwa maji ya baridi, vinaoshwa kwa maji moto na sabuni, vinasuuzwa tena, vinachemshwa vikiwa vimezama dakika 5, vinaanikwa juu ya kitambaa safi. Mrija hauoshwi. Kufutia kwa taulo la jikoni ni kurudisha uchafu. Wako wanaoweka faneli chafu kwenye friji kati ya mkamuo na mkamuo, lakini ubaridi hupunguza kasi ya bakteria, hauwaui. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti, aliye chini ya miezi miwili au mwenye kinga dhaifu, usifanye hivyo.

Umeme ukikatika: pampu ya mkono, au mkono wenyewe. Kidole gumba juu na viwili chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea mbavuni, bana, achia, zungusha vidole. Usiteleze juu ya ngozi. Friza iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, hukaa na ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24.

Ziada ya siku ni mililita 20 hivi. Naipoza kwanza ndipo naiunganisha na ya jana iliyo baridi, ikifika 100 inaingia friza. Ikiwa maziwa yako yakiyeyushwa hunuka kama sabuni, ni kimeng'enya cha lipasi kinachovunja mafuta. Hayajaharibika, ila mtoto anaweza kuyakataa. Dawa yake ni kuyapasha mabichi mpaka vipovu vitokee kwenye kingo za sufuria, bila kuchemka, kuyapoza haraka, ndipo kugandisha. Jaribu na chupa moja kabla ya kujaza friza.

Saa 4 na nusu usiku

Mililita 120, zinanyweka saa 5 zikiwa bado vuguvugu. Leo titi la kushoto lina uvimbe mdogo mgumu karibu na kwapa. Zamani tuliambiwa tukande kwa maji moto na kusugua kwa nguvu mpaka uyeyuke. Ushauri wa sasa umebadilika: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mguso mwepesi tu, na ratiba ile ile bila kuongeza mkamuo, kwa sababu kukamua kupita kiasi huongeza uvimbe. Homa ya nyuzi 38.5 inayodumu siku nzima, au wekundu unaosambaa, ni hospitali.

Chupa ya saa 8 usiku iko kwenye rafu ya juu ya friji, baba yake ndiye atakayeamka. Faneli kavu ziko kwenye kopo kando ya kitanda, vali mpya imeshafungwa, mota iko kwenye chaji.